Mzigo wa Majani Mnadani

Vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi shule niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu mjukuu wangu wa kike ndiye aliyeunyoosha. Mwandiko nilimruhusu, maneno nilimkataza kuyagusa. Ninataka mjue jinsi wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alivyomtoa maksai wangu mmoja mnadani akanirudishia wawili, bila kumdanganya mtu na bila kupandisha sauti. Nimeishi na watu wengi wenye akili. Wa kumlinganisha na huyo bado sijamwona.

Nyumbani kwangu ni Butiama. Tunalima kwa ng'ombe, na jembe la ng'ombe linavutwa na wawili. Mwaka huo mmoja wa maksai wangu alikufa mvua za masika zikiwa karibu. Alibaki mwenzake, dume mweusi, mkubwa kuliko ng'ombe yeyote wa majirani, ila umri umeanza kumwelemea. Akiwa peke yake hana kazi kwenye nira. Anakula, anakutazama, anakula tena. Nyumbani tulikuwa mimi, mwanangu, mkewe na watoto wao. Tusipopata wawili wa kulima kabla mvua hazijashika, tulikuwa tunarudi kwenye jembe la mkono, na shamba lile kwa jembe la mkono unalima kona moja tu, nyingine inaota magugu. Mahindi ya mwaka mzima yalikuwa yanategemea hapo.

Huku kwetu watu wanabadilishanaga ng'ombe. Unatoa maksai mkubwa, unachukua vijana wawili walioanza kufundishwa jembe. Mfanyabiashara anamtaka mkubwa kwa sababu ana nyama. Wewe unawataka wadogo kwa sababu wana miaka mbele yao. Kila mtu anaondoka na anachokihitaji, wakipatana.

Mwanangu alikuwa ameshajaribu. Alimpeleka yule mweusi mnadani upande wa Mugeta, akarudi naye jioni akiwa na hasira.

"Wananipa dume mmoja na mbuzi," aliniambia. "Wote. Wa kwanza kasema dume mmoja na mbuzi, wa pili hivyohivyo, wa tatu hivyohivyo, kama waliofundishwa kwaya moja."

Nikampigia wifi yangu simu.

Yeye anakaa Musoma, na kazi yake ni dagaa. Ananunua wabichi mwaloni mitumbwi inapotia nanga asubuhi, anaanika, anauza. Sasa sikilizeni alivyojifunza, maana hakuzaliwa na akili hizo mkononi. Miaka yake ya mwanzo alikuwa analia. Dagaa waliolowa hawasubiri. Wingu likitanda ziwani, wanunuzi wake walikuwa wanakaa chini kwenye mawe, wanapiga soga, wanamtazama tu akihangaika kufunika na kufunua. Walijua kabla ya adhuhuri atawashusha mwenyewe. Akachoka. Akasafiri mpaka Bunda, akaongea na mzee mmoja anayesaga chakula cha kuku, wakapatana kwamba dagaa wake wakipigwa na mvua, mzee atawachukua hata wakiwa nusu kukauka, kwa bei ndogo, lakini kila mara. Bei ile ilikuwa ndogo kweli. Lakini toka siku hiyo, wingu likitanda, wifi yangu alikuwa anakaa kwenye jiwe lake na yeye, anapiga soga na wanunuzi. Wakasimama wao.

Aliniambia hivi: "Wifi, kwa yule mzee wa kuku nimeuza mara chache sana. Kazi yake siyo kununua. Kazi yake ni kuwepo."

Niliona ni maneno ya mtu aliyepigwa na jua. Baadaye nilielewa.

Basi nilipompigia alisikiliza, akauliza maswali machache kuhusu yule mweusi na kuhusu wale wafanyabiashara. Akauliza jambo moja nililoliona la ajabu: wanaondokaje mnadani?

"Kwa lori," mwanangu akajibu, maana simu ilikuwa kwenye sauti kubwa. "Wanachangia lori, linaondoka jioni."

"Vizuri," akasema. "Nakuja. Mtangulize ng'ombe Nyamuswa, tutakutana hapo."

Tulimswaga yule mweusi mpaka Nyamuswa, tukalala kwa ndugu yetu wa kanisani. Wifi yangu aliingia na basi kutoka Musoma, kiunoni kanga mbili, mkononi sufuria. Alikaa na yule ndugu uani, wakaongea kirefu wao wawili. Sikuitwa. Mimi ndiye mwenye ng'ombe na sikuitwa. Nilikaa jikoni nikiwa nimenuna.

Asubuhi ya mnada, uleule alikokataliwa mwanangu, akakata majani. Siyo majani ya kubahatisha. Alikata mzigo mkubwa, akaufunga kwa kamba, akaujitwika.

"Haya ya nini?" nikamuuliza. "Tunakwenda kumtoa ng'ombe, wewe unambebea chakula."

"Ya kula."

"Ale akiwa wa nani?"

"Twende, wifi. Na ukifika huko, naomba kitu kimoja. Usiongee."

Nikamwambia mimi siyo mtoto. Akasema anajua, watoto ndio wanaoweza kunyamaza.

Sasa nawaambia kosa letu watu wa huku, na mlishike. Sisi tumelelewa kusalimiana mpaka mwisho. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, humjibu neno moja kama unamfukuza. Unamweleza. Nani anaumwa, nani amepona, mvua imefika wapi, ng'ombe wanaendeleaje. Ukijibu kwa kifupi, watu wanasema una kiburi. Ni adabu nzuri, na mimi nimeifundisha watoto wangu wote. Lakini mnadani kuna watu kazi yao ni kusalimia.

Tulipofika kwenye geti la mnada, kabla hata ushuru haujalipwa, mtu mmoja aliyevaa mabuti ya mpira akamtambua mwanangu, akanijia anatabasamu, kavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za Butiama? Nyumbani wote wazima? Mifugo?"

"Wote wazima, tunamshukuru Mungu, ila mwenzake huyu ametufia juzijuzi, na mvua ndiyo hizo zinakuja, hatuna..."

Nilihisi kiwiko cha wifi yangu kwenye mbavu. Kilichelewa. Yule mtu wa mabuti akasema pole sana mama, pole kweli, tena kwa uso wa huruma, akaenda zake taratibu. Nikamwona anapita kwa mwenzake, mzee wa kofia ya kufuma, kisha kwa kijana mmoja aliyekaa juu ya pikipiki. Hawakuongea maneno mengi. Hayakuhitajika mengi. Walishajua kwamba tuna ng'ombe mmoja asiye na mwenzake na mvua iko mgongoni kwetu.

"Basi wameshajua," mwanangu akasema. "Turudi."

Wifi yangu hakunigombeza. Hilo namsifu nalo, maana mimi ningemgombeza. Akachagua mahali chini ya ukuta wa vibanda vya supu, pembeni kidogo na njia ya watu lakini kila mtu anapaona. Akatua mzigo wa majani. Akamfungulia yule mweusi sehemu, naye ng'ombe akaanza kula. Akatandika kanga. Akatafuta mawe matatu, akawasha moto, akabandika sufuria.

Mtu wa mabuti akaja, na mzee wa kofia, na kijana wa pikipiki nyuma yao.

"Bibi," kijana akamwambia wifi yangu, "umekuja kuuza ng'ombe au umehamia?"

"Nimekuja kubadilisha ng'ombe. Nikiwakuta watu wa kubadilisha."

"Na hicho chungu?"

"Hiyo ni sufuria, mjukuu wangu. Bibi yako hapikagi?"

Wenzake wakacheka. Mtu wa mabuti akazunguka nyuma ya yule mweusi, akampigapiga nyonga, akasema kwa sauti ya upole, "Mama, mimi nakusaidia tu kwa sababu nimesikia shida yenu. Dume mmoja na mbuzi jike."

"Asante," wifi yangu akasema. "Umesikia vizuri. Mwenzake amekufa, wifi yangu hasemagi uongo. Lakini hukumsubiri amalize. Huyu tukirudi naye anakwenda kuunganishwa na maksai wa ndugu yetu wa Nyamuswa, naye kabaki na mmoja. Wamepatana. Watalima kwake, watalima na kwetu. Ndiyo maana unaona nina majani. Sina safari ya leo."

Nikamtazama. Yule ndugu kweli alikuwa na maksai mmoja. Nikaelewa mazungumzo ya uani. Na nikaelewa kingine, kimya kimya: wangeanza kulima kwake, na shamba lake ni pana, wakifika kwetu mvua zimeshakwenda. Mpango ule ulikuwepo, lakini ulikuwa mbovu. Wale wanaume walijua kwamba upo. Ubovu wake hawakuujua, na aliyekuwa na uwezo wa kuwaambia ni mimi peke yangu. Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili, si kwa mfano, nilijifanya nafuta jasho.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Ningekuambia, ungewaambia. Tena ungewaeleza na ukubwa wa shamba la ndugu yetu." Ni kweli.

Wale watatu walikaa mbali kidogo, wakasubiri. Ndivyo wanavyofanyaga. Mtu aliyetembeza ng'ombe kutoka mbali, jua likianza kuinama, anaogopa kumrudisha, anaogopa njia, anaogopa wezi. Anashuka mwenyewe. Wao hawafanyi kitu, wanakunywa soda tu. Lakini safari hii kila wakigeuka wanamwona mwanamke anakoroga uji na ng'ombe anatafuna. Mchana ukapita. Tukanywa uji. Akamwongezea ng'ombe majani.

"Wifi," nikamnong'oneza, "jua linakwenda."

"Linakwenda kwa wote. Angalia kule."

Nikaangalia. Lori lao lilikuwa limeshaanza kupakiwa. Nyuma kulikuwa na nafasi, nafasi ya ng'ombe mkubwa mmoja, na utingo alikuwa anagonga bodi kuwaita. Lori limekodiwa kwa siku ile. Nafasi ikienda tupu, imekwenda tupu. Ndipo nikajua kwa nini aliuliza wanaondokaje. Siku zote sisi tunatazamaga jua letu tu. Yeye alitazama lao.

Wakaja tena, na sasa hawakuja pamoja. Mzee wa kofia alitangulia, akakuta wenzake wanamfuata mbio. Kijana akaanza kusema kwa sauti, wifi yangu akainua mwiko.

"Hapana. Sitaki makelele. Nataka vijana wawili wa kulima. Kila mmoja atakuja hapa peke yake, ataniambia sikioni anatoa ng'ombe gani. Mara moja tu. Hakuna kurudi, hakuna kuongeza. Nikimaliza kusikia wote, nasema ninayemtaka. Kama simtaki yeyote, mniachie nioshe sufuria yangu."

"Kwa nini sikioni, mama?" mtu wa mabuti akauliza. "Sisi hatuna siri."

"Kama hamna siri basi hakuna shida."

Hapo ndipo nilipoona sura zao zikibadilika. Vijana, fikirieni. Wakisema kwa sauti, mmoja akivunja makubaliano yao wenzake wanamsikia palepale, na wiki ijayo wanamfanyizia. Kwa hiyo hakuna anayevunja. Lakini sikioni nani atajua? Kila mmoja akaanza kumtazama mwenzake na kujiuliza, huyu atasema dume mmoja na mbuzi kama tulivyopatana, au atanizunguka? Na kama atanizunguka, mimi nimekaa na uaminifu wangu nafanya nini? Walikuwa marafiki asubuhi. Sasa walisimama kila mtu na mita zake.

Mjukuu wangu aliyenyoosha mwandiko huu alisomea mambo ya biashara chuoni. Nilipomsimulia alicheka akijipiga mapaja. Alisema huko wanafundishwa hayohayo, yanaitwa nadharia ya michezo. Nikamwambia sikuona mpira. Akanieleza kwamba ni elimu ya kupima utakachofanya ukijua mwenzako naye anapima atakachofanya, na kwamba watu wanaitumia kupanga minada na mikataba mikubwa, ya nchi na nchi. Nilifurahi kusikia. Mtu akipita njia sahihi bila kibao, kisha ukasikia kuna kibao mahali fulani kinachoonyesha njia hiyohiyo, unamheshimu zaidi, na kibao pia unakiheshimu.

Turudi. Kijana wa pikipiki alinong'ona, kisha mtu wa mabuti, kisha mzee wa kofia. Wifi yangu alisikiliza wote kwa uso mmoja, kama anasikiliza matangazo ya kanisani. Kijana alishika makubaliano, maskini. Wale wawili wengine kila mmoja alitoa ng'ombe wawili.

Tukaenda kuwaona, dalali wa mnada na mwenye kibanda cha supu wakatufuata. Vijana wa mtu wa mabuti walikuwa wekundu, wanene, wanafanana kama mapacha, manyoya yanang'aa. Nikasema moyoni, ndio hao. Wa mzee wa kofia walikuwa wadogo kidogo, mmoja rangi ya majivu, mwingine ana pembe moja iliyopinda mbele kama inataka kumchoma jicho. Mwanangu naye alikuwa ameshasimama karibu na wale wekundu, ameshaweka mkono.

Wifi yangu akawauliza wote wawili pamoja, "Wamefundishwa jembe?"

"Wamefundishwa," wakasema.

"Vizuri. Mimi natoka Musoma, ninajua dagaa, ng'ombe siwajui. Sasa tutaweka sharti moja mbele ya huyu dalali na watu hawa wa supu. Wakigoma kulima masika haya, mwenye kuwatoa atakuja Butiama na ng'ombe wake mwenyewe alime shamba la wifi yangu lote mpaka liishe. Nani yuko tayari?"

Mtu wa mabuti akakohoa. "Mama, ng'ombe ni kiumbe wa Mungu. Anaweza kuamka vibaya. Mimi nitakuahidije kitu kama hicho? Angalia afya yao basi, afya siyo ahadi?"

Mzee wa kofia hakukohoa. Aliuliza tu, "Shamba lina ukubwa gani?"

Mwanangu akamwambia.

"Sawa. Wakigoma nakuja. Lakini hawatagoma, na mimi sipendi kulima."

"Chukua mweusi," wifi yangu akasema.

Nilitaka kusema neno. Wale wekundu walikuwa wazuri jamani. Lakini nilishampa wifi yangu madaraka, na nilimwona mtu wa mabuti alivyogeukia upande wa lori. Kuuliza kwenyewe kulishatoa jibu. Anayewajua ng'ombe wale ni aliyekaa nao. Yeye hakutaka kujifunga kwa ajili yao, mimi niwafunge nira kwa sababu ya manyoya?

Walishikana mikono, dalali na mwenye supu wakishuhudia. Yule mweusi akapanda lori. Alipanda vizuri, shiba ilikuwa imemtuliza. Nilimtazama mpaka vumbi likamficha. Alinilimia miaka mingi.

Mvua zikafika. Asubuhi ya kwanza tukawafunga nira. Wa majivu alitembea. Wa pembe iliyopinda alipiga hatua chache, akalala kwenye mtaro kama mgonjwa. Mwanangu akamnyanyua, akalala tena. Mkwe wangu akasema angalau wale wekundu wangekuwa wanalala wakiwa wanene. Mimi sikucheka. Nililitazama shamba lote lile na majembe ya mkono yameegemea ukuta.

Tukiwa tunabishana nani ampigie simu mzee, tukasikia bodaboda. Ni yeye. Hakuitwa na mtu. Alishuka, akasalimia wote mpaka watoto, akaja shambani na viatu vyake vizuri, akasimama anatazama, akatikisa kichwa.

"Mmemweka kushoto," akasema. "Huyu pembe inamziba jicho la kulia, akiwa kushoto hamwoni mwenzake, anaogopa. Anafanya kazi kulia."

Akawafungua mwenyewe, akawabadilisha, akasimama mbele yao akawaita. Wakaenda. Walikwenda mpaka mwisho wa shamba wakageuka wenyewe, na udongo ukafunguka mweusi nyuma yao, unyevu unanukia.

Nilimpikia uji. Nikamuuliza kilichomleta kutoka huko kote bila kuitwa.

"Mama," akasema, "tangu siku ile mimi nina shamba Butiama. Nikisikia mvua imenyesha huku, silali. Yule wifi yako alinifunga nira na mimi."

Nikaelewa kwamba sharti lile halikuwa la kumwadhibu. Mtu wa mabuti angetuuzia akatusahau kabla lori halijawasha injini. Huyu alijifunga kwa mdomo wake, na kwa hiyo kulima kwetu kukawa kazi yake pia. Watu wanafikiri mapatano ni kumshinda mwenzako. Wifi yangu alipatana na mtu wa mbali akamfanya awe jirani.

Tulilima lote. Kona zote.

Wifi yangu alikuja tukila mahindi mabichi, akaketi akawatazama wale wawili, akasema kumbe wa pembe ni mzuri kuliko alivyomwona. Nikamwambia ana bahati. Akasema bahati haibebi majani kichwani. Watoto walikuwepo wote, mwanangu na mkewe pia, na nikaona ni wakati mzuri wa kusema, nikasema:

"Kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akienda kuuza kitu, akisalimiwa asalimie kwa adabu. Akiulizwa habari za nyumbani, ajibu njema, afunge mdomo. Na asitoke hapa mikono mitupu. Mwenye kuku abebe mtama, mwenye ng'ombe abebe majani."